Mwanafunzi wangu aliimba kwenye do ya koo langu, kinanda kikabaki peke yake: yaliyonikuta Runazi

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji. Kila nikiandika comment naisoma mara nyingi, naona kosa, nafuta, naondoka.

Leo nimejikaza. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe na sina sababu ya kuyapamba. Majina tu nimeyabadilisha, na shule sitaitaja kwa sababu watu wake walinitendea wema na sitaki wasumbuliwe.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka aende zake kwa amani.

Kwetu ni Ntobeye, Ngara. Familia ya Kikatoliki, wakulima, nyumba ina watoto wengi na migomba mingi kuliko watoto.

Nilimaliza form four, matokeo hayakunifikisha form five. Sikwenda chuo. Nilibaki nyumbani nikawa najisomea. Vitabu vya kuazima, vya kurithi kwa binamu, vingine havina jalada, vingine PDF za kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Biology niliipenda kuliko kitu chochote. History nilianza kuielewa vizuri baada ya kumaliza shule, wakati hakuna tena aliyekuwa ananitungia mtihani.

Muziki niliupata kwenye kwaya ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Hapa naomba nieleze kidogo, maana uzi mzima unasimama hapa.

Kigangoni kwetu hatukuwa na kinanda. Tulisoma nota za sol-fa, do re mi, kwenye karatasi zilizorudufiwa mpaka zikafifia. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mzee mmoja, naomba nimwite Mzee Filibeti. Kabla ya wimbo alikuwa anakohoa, anafumba macho, anaguna "doooo", halafu anaigawia kila sauti: nyie chukueni mi, nyie chukueni so. Ndiyo hiyo. Do ya siku hiyo ni ile iliyotoka kooni kwa mzee.

Akiwa na mafua, Misa nzima tunaimba chini. Sikukuu akiwa na furaha, do inapanda, soprano wanalia.

Juu ya karatasi huwa pameandikwa do ianzie wapi kwenye kinanda. Sisi mstari ule tuliupita kama unavyopita maandishi ya kwenye kiberiti. Ulikuwa wa watu wenye vinanda.

Turudi kwenye mada.

Nilihamia Runazi, wilaya ya Biharamulo, kwa shangazi yangu aliyeolewa kule. Alikuwa amejifungua, akahitaji mtu wa kumshikia duka. Duka dogo tu: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, sukari ya kupima. Pembeni yake kuna mashine ya kusaga, mahindi na muhogo mkavu, kelele kutwa.

Siku moja akaja mtoto wa sekondari kununua chumvi. Daftari liko kwapani, amenuna. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kaambiwa aeleze osmosis na haielewi hata kidogo. Nikachukua kipande cha muhogo mbichi, nikakiweka kwenye maji ya chumvi palepale kaunta, nikamwambia akirudi jioni akishike aone kilivyolegea.

Alirudi jioni na wenzake.

Ndivyo ilivyoanza. Wakawa wanakuja mchana baada ya shule, wanakaa kwenye baraza la duka, wengine kwenye magunia. History, biology, kidogo chemistry. Shule yao ilikuwa na somo la muziki pia, na waliposikia naimba nota wakaniletea na hilo.

Hapa ndipo nikiri, wakuu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Sio wasiwasi wa kusema, ni ule wa mwili. Kabla watoto hawajafika mwili hautulii, nimeshafagia baraza mara tatu. Naogopa swali nisilolijua. Naogopa mtoto aende nyumbani aseme "Dada Kole amekosea." Neno "mwalimu" nilikuwa nawakataza wasiniite, maana mimi sio mwalimu, na wakiniita ningehisi nimeiba kitu cha mtu.

Kwa hiyo nilijilinda kwa notes.

Notes zangu mngeziona! Kichwa cha habari wino mwekundu, maelezo bluu, mifano kijani. Nikikosea herufi moja nachana ukurasa. Kila swali nililoweza kulifikiria nilikuwa nimeshaliandikia jibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, na wanafunzi wangu kazi yao ilikuwa kushika. Neno kwa neno. Mtoto akibadilisha hata "because" akaweka "since" nilikuwa namrudisha mwanzo.

Niliamini nawasaidia. Naapa niliamini.

Kisha akaja Zuwena.

Aliletwa na baba yake, Mzee Abdala, mwenye duka la vitenge na khanga upande wa pili wa barabara. Familia yao ni wafanyabiashara wa mjini Biharamulo, asili yao pwani, na yeye bado anaongea Kiswahili cha pwani kilichopigwa pasi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule binti wa Ngara anayefundisha juu ya magunia?"

"Ndiyo, ila mimi sio..."

"Mbona unaongea kama unakiomba Kiswahili radhi? Sema kwa nguvu! Huyu hapa ni Zuwena. Anarudia form two. Unajua maana yake?"

Nilijua. Kwa wasiojua: form two ukifeli unarudia. Ukifeli na mara ya pili, basi, shule ya kawaida ndiyo imekwisha kwako.

"Akianguka tena," akasema, "anakuja kukaa na mimi dukani apime vitenge. Na huyu kupima hajui, atanifilisi."

Alikuwa anacheka. Macho hayakuwa yanacheka.

Zuwena alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikamkubali. Usiniulize kwa nini mtu mwoga hivi alikubali mzigo hivi. Nadhani niliogopa zaidi kukataa.

Wakuu, yule mtoto alikuwa na kichwa cha ajabu. Amekulia madrasa, amezoea kuhifadhi kwa kusikia. Notes zangu nikimsomea taratibu, anazirudisha zote mpaka mahali ninapovuta pumzi. Nilikuwa namsikiliza machozi yananilenga. Nikajiambia huyu anapita, huyu anapita na aliyezoea kuwa wa kwanza watamtafuta nyuma yake.

Na kuimba! Muziki ndio lilikuwa somo tulilolitegemea limbebe. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Mashine ikiwashwa tulikuwa tunanyamaza na kusubiri izimwe, halafu naguna do yangu, naye anaishika. Nilikuwa namwambia hivi, nakumbuka maneno yenyewe: "Ukishashika do yangu, hata nyumba ikianguka usiiachie."

Hakuiachia.

Ikafika siku ya wazazi shuleni kwao, muda fulani baada ya mitihani ya mock. Mzee Abdala akanibeba kama mgeni rasmi. "Twende ukaone matunda yako," akasema. Nilivaa gauni la Pasaka.

Mwalimu wa muziki, kijana mpole hivi, aliweka kinanda uwanjani. Wanafunzi wake wanaimba mmojammoja wimbo wa majaribio huku yeye anapiga. Wote walikuwa wa kawaida tu, wengine wanatetemeka.

Akaitwa Zuwena. Mimi nikakaa sawa kwenye kiti.

Kinanda kikaanza. Zuwena akafungua mdomo, akaimba. Sauti safi, nota zote mahali pake.

Ila sio mahali pa kinanda.

Kinanda kilikuwa chini, yeye yuko juu. Mwalimu akasimama. "Zuwena, sikiliza kinanda kwanza."

"Nimesikiliza, mwalimu."

"Haya, tena."

Tena ikawa vilevile. Mwanafunzi mmoja nyuma akapaza sauti: "Kinanda kinaenda Ngara, mwenzetu anaenda Chato!" Uwanja ukaangua kicheko. Wazazi nao wanacheka. Mzee Abdala ameinamisha kofia.

Mara ya tatu akaanza palepale. Macho ameyafumba, mikono ameibana ubavuni kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Mimi wakati huo nimeshaelewa. Alikuwa anaimba kwenye do ya koo langu. Aliibeba toka barazani mpaka pale uwanjani bila kuimwaga hata tone. Nyumba ilikuwa inamwangukia na yeye hakuiachia, kwa sababu mimi nilimwambia asiiachie.

Mwalimu yule hakumkaripia, Mungu ambariki. Alimwacha aendelee, akawa anabonyeza kinanda taratibu anatafuta, anatafuta, mpaka akamkuta alipo. Halafu akampigia kutokea hapo hadi mwisho. Kicheko kikafa chenyewe. Ulikuwa wimbo mzuri, jamani.

Alipomaliza, mwalimu akauliza, "Hii do nani amekupa?"

Zuwena akafumbua macho, akaninyooshea kidole. "Dada Kole."

Uwanja mzima ukageuka.

"Dada, hebu tuimbie do," mwalimu akasema. Kwa upole tu.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikaguna. Akabonyeza kinanda: ilikuwa ileile. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ya Biharamulo inimeze na gauni langu la Pasaka.

Baadaye alituita mimi na Mzee Abdala pembeni, akatuonyesha karatasi za mock za Zuwena.

History iliuliza jinsi biashara ya misafara ilivyobadilisha maisha ya watu wa bara. Zuwena alikuwa ameandika sababu za biashara hiyo kuanza. Notes zangu, zote, nzuri, zimekaa vizuri, ni za swali lingine kabisa.

Biology iliuliza kipande cha muhogo kikikaa kwenye maji ya chumvi kitakuwaje. Aliandika maana ya osmosis. Hata mkato wangu ulikuwepo. Lakini muhogo utakuwaje, hakuna.

Amefeli. Masomo mengi amefeli.

"Ana kumbukumbu ambayo sijawahi kuiona," mwalimu akasema. "Lakini hapa ndani yeye mwenyewe simwoni. Nakuona wewe, dada."

Njiani kurudi Mzee Abdala, mtu anayeongea na kila mtu barabarani, siku ile alisalimia kwa kichwa tu.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki: nilikimbia. Nilimdanganya shangazi kwamba mama anaumwa, nikapanda gari kwenda Ntobeye. Mama yangu alinikuta nyuma ya nyumba namenya maharage kwa hasira, hakuuliza, akakaa tukamenya wote.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitagusa daftari la mtoto wa mtu tena.

Mzee Abdala akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, baba. Ngara."

"Mama anaendeleaje?"

Nikashindwa kudanganya mara ya pili. "Haumwi, baba. Ni mimi tu. Mimi sio mwalimu. Nimemharibu Zuwena."

Nilitegemea aseme hapana mwanangu, usiseme hivyo. Watu huwa wanasema hivyo.

"Kuharibu umeharibu," akasema. "Sasa nani atatengeneza? Mimi najua vitenge. Mtoto anakuja anakaa barazani peke yake na magunia, shangazi yako ananiambia. Anakungoja. Mtihani haukungoji wewe umalize kulia."

Nikajifuta machozi kwa khanga.

"Unakuja au nije nikuchukue na pikipiki? Na mimi pikipiki siijui, tutakufa wote."

Nikacheka wakuu. Nikacheka na kamasi zinatoka. Nikarudi.

Siku niliyorudi, niliwaambia wanafunzi wote kwenye magunia kwamba nimekosea njia na kwamba kuanzia leo sitoi notes. Nilitegemea wasikitike. Mmoja akasema, "Afadhali Dada, mkono ulikuwa unauma."

Tukaanza upya na muziki. Niliamua do isitoke kwangu tena. Mashine ikiwaka, badala ya kusubiri izimwe, nikamwambia Zuwena: "Sikiliza mashine. Ule mvumo wake ndio do yako. Imba."

Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Akajaribu, akaangukia kwenye do yangu. Akajaribu tena. Ilimchukua muda mrefu, anajisahihisha, anakasirika, anacheka. Halafu siku moja akaikamata, akaimba wimbo mzima juu ya mashine ya kusaga, na yule kijana wa mashine akatoka nje mweupe pe kwa unga akauliza nani ameweka redio.

Ikawa mchezo wetu. Honi ya lori, do. Jogoo, do. Muadhini tulimwacha kwa heshima.

History ilikuwa ngumu zaidi, kwangu. Kumsikia mtoto akieleza kwa maneno yake, yamepinda, nusu Kiswahili, na mimi ninyamaze! Nilikuwa nakalia mikono yangu.

Nilimwambia Zuwena aende akamuulize baba yake familia yao ilifikaje Biharamulo. Akarudi na hadithi kwamba babu wa babu yake alikuja na mizigo ya nguo akielekea mbali zaidi, akaugua njiani, akauguzwa na watu wa hapa, wenzake wakamwacha, na alipopona akakuta ameshazoea.

"Sasa," nikamuuliza, "kitabu kinasema nini kuhusu nguo hizo? Zilibadilisha nini kwa watu waliozipokea?"

Akafikiri. Akasema, "Kwanza, baba asingekuwa na duka." Kisha akaendelea mwenyewe. Hakurudia sentensi yangu hata moja. Maelezo yake yalikuwa na makosa ya grammar na yalikuwa yanajibu swali.

Biology tukarudi kwenye muhogo. Safari hii sikuonyesha mimi, walifanya wao. Chombo kimoja maji ya chumvi, kingine maji matupu. Mbuzi wa shangazi akala cha maji matupu. Zamani ningeficha aibu hiyo na kuweka kingine haraka. Zuwena akauliza, "Dada, mbuzi tumwandike kama chanzo cha makosa?" Tukamwandika.

Na nikajifunza kusema neno lililokuwa linaniua: sijui. Wakiniuliza nisichokijua nasema sijui, kamuulizeni mwalimu shuleni mje mniambie. Mara ya kwanza kulisema masikio yaliwaka moto. Watoto hawakushtuka hata kidogo. Waliandika swali, wakaenda, kesho yake wakarudi wanagombania nani anifundishe.

Mwalimu wa muziki naye akaanza kupita barazani akitoka kazini. Alinielekeza ule mstari wa juu ya karatasi, ule wa kiberiti, hatua kwa hatua, bila kunidharau. Umri huu ndipo nimejua.

Mtihani ukaja. Siku ya muziki nilikaa dukani nikawa napima sukari vibaya, shangazi akaninyang'anya kijiko. Zuwena akarudi jioni, akaegemea kaunta, akaomba maji.

"Vipi?"

"Kinanda kilianza juu sana, Dada."

"Ukafanyaje?"

"Nikakifuata."

Akanywa maji yake.

Matokeo yalipotoka, mtandao Runazi ulikuwa wa kubembeleza. Tulisimama barabarani mimi, Zuwena na Mzee Abdala, simu imeinuliwa juu. Ukurasa ukafunguka kidogokidogo.

Muziki B. History C. Biology D. Mengine ya hapa na pale. Chini kabisa: amefaulu.

Sasa sikilizeni ugonjwa wangu ulivyo. Nilichokiona mimi ni ile D. Ya biology, somo langu. Nikaanza, "Baba, naomba mnisamehe, hii D, ningejua..."

"D ndio nini?" Mzee Abdala akauliza.

"Ni alama ya chini, baba."

"Amepita hajapita?"

"Amepita."

"Anakwenda form three haendi?"

"Anakwenda."

"Basi D niachie mimi, nitaifunga kwenye kitenge niitundike dukani." Akageuka ili tusimwone uso. Zuwena alikuwa ameshakimbia kwenda kumwambia mama yake, viatu mkononi.

Nilisimama pale barabarani na ile D. Kwa mara ya kwanza nilitazama kitu kisichokamilika nilichokishiriki na sikutaka kukichana.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kukudanganya kwamba ameelewa, na wewe mwenye woga unaweza kupenda kudanganywa hivyo, kwa sababu unasikia sauti yako inarudi haina kosa. Mfundishe, kisha nyamaza umsikilize yeye. Ikikukera, kalia mikono.

Nawashukuru watu wanne na wala hawatasoma hapa. Shangazi, kwa baraza lake. Mwalimu wa muziki, kwa kumfuata mtoto alipo badala ya kumpiga mbele za watu. Mzee Abdala, kwa kutonibembeleza. Na Zuwena, kwa kuningoja juu ya yale magunia wakati mwalimu wake, ndiyo, mwalimu wake, nimekubali, alikuwa amejificha Ntobeye anamenya maharage.

Sasa hivi yuko form three na amechagua masomo ya sayansi. Nimekalia mikono yangu.

Walimu wenzangu, na wazazi, na mliowahi kukaririshwa mkafeli: mliponaje? Na wenye mbinu za kufundisha genetics kwa vitu vya dukani, nazihitaji, maana hiyo topic inakuja na mimi sijui. Nipeni maneno yenu, hata makali. Niko hapa nasoma.